Kumtia Moyo Mfanyakazi Wakati Mfuko ni Mwepesi

(Maneno ya afisa wa mawasiliano wa kaunti mbele ya wafanyabiashara wadogo, sokoni Kithyoko)

Asanteni kwa kuacha kazi mkaja. Najua saa moja ya kufunga hapa barabarani ni abiria wa Mwingi na Garissa wanaopita bila kununua chai.

Nimeombwa nizungumzie jinsi ya kuwatia moyo wafanyakazi ukiwa huna pesa nyingi. Niseme wazi kwanza: asante hailipi kodi ya nyumba. Mtu akija kuwaambia kwamba tabasamu linatosha badala ya mshahara, mwulizeni yeye hulipwa kwa tabasamu la nani. Ninayoyasema leo ni ya kuongeza juu ya mshahara.

Biashara nyingi hapa ni mwenyewe na wasaidizi wawili au watatu: hoteli, kinyozi, duka la mbao na misumari, mnunuzi wa ndengu wakati wa mavuno. Msaidizi mmoja akiondoka, ameondoka na daftari lililo kichwani mwake. Yeye ndiye aliyejua mteja gani hulipa deni na yupi hupitia njia ya nyuma. Gharama ya kumfundisha mwingine haiandikwi popote, lakini mnailipa.

Nilipomaliza chuo nilifanya kazi katika duka moja la uchapishaji, sitalitaja. Mshahara ulikuwa mdogo na niliukubali kwa hiari yangu. Kilichonifukuza ni tarehe. Mwezi wa kwanza nililipwa tarehe 5, wa pili tarehe 19, wa tatu kimya. Mwenye duka hakuwa mtu mbaya. Wateja wake walikuwa hawajamlipa. Ila hakusema. Akiniona anakaribia kuulizwa, anashika simu na kutoka nje. Nami nikawa naamka nikihesabu nauli, kazi naifanya nusu nusu. Angeniambia tu, "Pesa itaingia Ijumaa ijayo, chukua hii 500 ya nauli," ningekaa naye mwaka mzima.

Kwa hivyo chagueni siku ya malipo mnayoweza kuitimiza. Kama pesa yako huingia siku ya soko, lipa kesho yake. Usiahidi tarehe 30 kwa sababu wengine hulipwa tarehe 30. Na kibarua wa siku, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yasema alipwe siku hiyo hiyo ikiisha. Kumwambia "rudi kesho" ni kumkopa mtu ambaye jioni ile hana unga.

Sheria hiyo hiyo yampa mfanyakazi siku 1 ya kupumzika katika kila siku 7, na likizo yenye malipo isiyopungua siku 21 za kazi kila mwaka. Nasikia mnanong'ona kwamba duka dogo haliwezi. Lakini mhudumu anayesimama tangu saa kumi na moja alfajiri, Jumapili hadi Jumapili, hata ukimnunulia soda hana moyo uliobaki wa kutiwa. Sisi Ukambani tunaujua mwethya. Matuta yanayoshikilia udongo wa Machakos yalichimbwa hivyo, leo shamba la huyu, kesho la yule. Je, wenye hoteli watatu jirani hawawezi kushirikiana kumlipa msaidizi mmoja wa akiba, ashike zamu ya anayepumzika? Hesabuni. Mnaweza kuona gharama ya kila mmoja ni ndogo kuliko mlivyodhani.

Sasa makato, maana hapa ndipo wengi huvunjika moyo. Sahani ikiteleza kwa bahati mbaya, sheria haikuruhusu kuikata kwenye mshahara. Pesa zikipungua, unaweza kukata ikiwa ni uzembe au udanganyifu, na mkataba uwe umesema wazi kwamba mtu huyo amekabidhiwa kushika pesa. Na ukikata ile asilimia 2.75 ya bima ya afya ya jamii, au ya NSSF, ipeleke. Hakuna bonasi itakayomfariji mtu aliyefika hospitalini na mtoto mgonjwa akakuta michango yake haijalipwa.

Mengine ni madogo. Mkosoe mbali na wateja. Mwulize ni bidhaa gani watu huulizia na hamna. Yeye ndiye huwaona. Mwonyeshe daftari la mauzo mwezi ukiwa mbaya, hapo hatafikiri unamficha. Akitaka kujifunza kuandika hesabu, mfundishe, hata kama siku moja atafungua duka lake mkabala na lako. (Atafungua tu, usipomfundisha pia.)

Naona mama pale nyuma ameinua mkono tangu nilipotaja sahani. Karibu, mama, sema.