Aliyepima Kwanza

Leo naanzia kwa jirani zetu Wakenya, maana yaliyowakuta yanatuhusu hapa hapa Msimbu, Kisarawe.

Mwaka 2006 Kenya ilitunga sheria ya UKIMWI. Kifungu cha 24 kilimtaka anayejua ana virusi amweleze anayekutana naye kimwili. Akimweka hatarini bila kujali, faini hadi shilingi laki tano za kwao, au jela hadi miaka 7. Machi 2015 Mahakama Kuu jijini Nairobi ikakifuta. Majaji waliona hakieleweki: huyo wa kuelezwa ni nani hasa, sheria haikusema.

Kwetu Tanzania, sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inamtaka aliyekutwa na virusi amwambie mwenza wake mara moja, na kifungu cha 47 kinampa anayeambukiza makusudi miaka 5 hadi 10 jela. Anayekusudia kumwangamiza mwenzake simtetei. Lakini nani hujua hali yake mapema? Mara nyingi ni mama mjamzito. Hudhurio la kwanza kliniki anatobolewa kidole, tone la damu linawekwa kwenye kipimo, na muda si mrefu ana majibu ya virusi na ya kaswende. Baba hayupo. Wapo kina mama wanaopitia kwanza kwa mtendaji kuomba barua ya kupeleka kliniki, kueleza kwa nini wamekwenda peke yao! Mama akirudi nyumbani na majibu anaulizwa: umeyatoa wapi? Aliyepima ndiye anayeonekana kaleta. Akinyamaza, sheria inamngoja. Akisema, huenda akalala nje na watoto.

Kaswende nayo dawa yake ni sindano ya penisilini. Mama akichomwa na baba asichomwe, inamrudia, na mtoto anaweza kufia tumboni. Jela haitibu hilo.

Tena leo tunajua kuwa mwenye virusi anayemeza dawa za ARV vizuri, virusi vikafubaa hata kipimo kisivione, hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Novemba 2019 Bunge letu liliirekebisha sheria yetu hiyo ya 2008, likaruhusu kijana wa miaka 15 kupima kwa ridhaa yake na mtu kujipima mwenyewe. Basi wabunge wairudie tena. Waandike bayana kwamba mtu ambaye virusi vyake vimefubaa hivyo hana kesi, na kwamba mama aliyenyamaza kwa kuogopa kipigo si mhalifu.

Nanyi akina baba wa Msimbu, msingoje Bunge. Hudhurio la kwanza, nendeni wote wawili.