Mji Ukipoteza Baraza Lake

(Maneno ya mazungumzo kwa watu wa Jilore, Malindi)



Mtu atokaye Jilore alfajiri na mzigo wa mahindi au maembe kwenda soko la Malindi hutakiwa kulipa ushuru. Zamani fedha ile iliingia katika sanduku la Baraza la Manispaa ya Malindi. Tangu mwaka wa 2013 huingia katika mfuko wa Kaunti ya Kilifi. Mlipaji ni yule yule na soko ni lile lile. Aliyebadilika ni mpokeaji. Inafaa kila mlipaji ajue jinsi badiliko hilo lilivyotokea, ili ajue pia pa kupeleka neno lake.

Miji ya pwani hii imepoteza utawala wake mara nyingi, kila mmoja kwa njia yake. Gede ulikuwa na jumba la mfalme, misikiti na visima vilivyojengwa kwa mawe. Watu wake waliuhama katika karne ya 17, ukabaki mahame katikati ya msitu. Mji wa Malindi, uliompokea Vasco da Gama mwezi wa Aprili 1498, ulikuwa na mfalme wake mwenyewe hata karibu na mwaka wa 1593, Wareno walipomhamishia Mombasa, walikokuwa wakianza kujenga Ngome ya Yesu. Mfalme alipoondoka, biashara na heshima zilimfuata, na Malindi ikadhoofika. Ilikuja kuinuka tena katika karne ya 19 chini ya masultani wa Zanzibar.

Wagiriama nao wana habari yao. Mashauri yao makubwa yalikuwa yakikatwa na wazee wa kambi katika Kaya Fungo. Mwezi wa Agosti 1914 Waingereza waliilipua kaya hiyo kwa baruti, baada ya upinzani ambao Mekatilili wa Menza na Wanje wa Mwadorikola walikuwa wameuongoza. Makao ya shauri yalivunjwa kwa nguvu, na wenyewe wakaona.

Mwaka wa 2013 hapakuwa na baruti wala mfalme aliyepanda jahazi. Palikuwa na sheria.  Katiba iliyotangazwa tarehe 27 Agosti 2010 ilipita huku watu wengi wakitazama zaidi habari za rais na wabunge. Kwa Katiba hiyo Kenya iligawanywa katika kaunti 47. Baada ya uchaguzi wa tarehe 4 Machi 2013, mabaraza 175 ya miji, ya manispaa na ya wilaya yalikoma nchini kote, na mali na wafanyakazi wake wakaingia mikononi mwa kaunti. Nairobi ilipoteza meya wake, Mombasa vile vile, na Malindi pia.

Malindi ilipata pigo la pili. Orodha ya kaunti ilifuata wilaya zilizokuwako kisheria mwaka wa 1992. Wilaya ya Malindi ilimegwa kutoka Kilifi baada ya mwaka huo, kwa hiyo haikuhesabiwa, ikarudi ndani ya Kilifi. Ofisi ya gavana ikawekwa mjini Kilifi, ingawa bunge la kaunti lilipoanza lilikutana Malindi.

Hata hivyo, haifai kulisifu baraza la zamani kupita kiasi. Madiwani walichaguliwa na watu, nao wakamchagua meya kutoka miongoni mwao. Lakini Waziri wa Serikali za Mitaa aliweza kuwateua madiwani wengine na hata kulivunja baraza, na karani wa mji aliletwa kutoka juu. Sehemu ya fedha nayo ilitoka Nairobi, kwa sheria ya mwaka wa 1998 iliyoyagawia mabaraza asilimia 5 ya kodi ya mapato. Tena mkulima aliyeishi nje ya mipaka ya mji alilipa ushuru sokoni, wala hakuwa na kura ya kumchagua diwani wa mji ule.

Hapo ndipo Jilore ilipopata kitu. Kaunti ya Kilifi ina wadi 35, na Jilore ni moja ya wadi hizo. Mwakilishi wa Jilore katika bunge la kaunti ana kura moja, sawasawa na mwakilishi wa wadi ya Malindi Mjini. Makadirio ya fedha za soko, barabara na zahanati yanapopitishwa, mtu wa shamba na mtu wa mji wana sauti iliyo sawa.

Lakini wahenga walisema, fimbo ya mbali haiui nyoka. Mtaro ukiziba karibu na soko, mwenye duka hana diwani wa mji wa kumwendea wala meya wa kumlaumu. Jirani zetu Watanzania walilijua jambo hili mapema. Mwaka wa 1972 serikali yao ilianza mpango wa Madaraka Mikoani, na mabaraza ya miji yakavunjwa. Kazi za mji zikaharibika, hata ikabidi mabaraza hayo yarudishwe mwaka wa 1978. Mwaka wa 1984 Mwalimu Nyerere mwenyewe alikiri kwamba kuziondoa serikali za mitaa lilikuwa kosa.

Kenya nayo ilitafuta dawa. Sheria ya Miji ya mwaka wa 2011, iliyorekebishwa mwaka wa 2019, yaruhusu mji wenye watu wasiopungua 50,000 kupewa hati ya manispaa. Malindi imepewa hati hiyo. Basi jina limerudi, lakini mwenye kulisikia asidhani kwamba baraza la kale limefufuka. Bodi ya manispaa huteuliwa. Wananchi hawaipigii kura kama walivyowapigia madiwani, na fedha zake hupitia kaunti.

Kwa hiyo watu wa Jilore wana milango miwili ya kubisha. Wa kwanza ni wa mwakilishi wao wa wadi, ambaye kura yao ndiyo iliyompeleka bungeni. Wa pili ni mikutano ya maoni ya wananchi, ambayo Katiba imelilazimisha bunge la kaunti kuipa nafasi kabla ya kukata shauri. Mikutano hii huhudhuriwa na watu wachache, na wasiokwenda huwa wa kwanza kunung'unika ushuru ukipanda. Kina mama wauzao sokoni wajua kuliko karani yeyote ni kiasi gani hulipwa, na ni bomba gani halitoi maji. Wachague wawili au watatu miongoni mwao, waweke stakabadhi zao za ushuru, na siku ya mkutano waulize mbele ya watu wote: fedha hizi za mwaka mzima zimefanya kazi gani katika soko letu? Swali hilo lapasa kujibiwa kwa hesabu, na jibu liandikwe.