Tupande mipera mingapi?



Kila mvua za kupandia zinapokaribia huzuka swali: katika kipande kimoja cha ardhi yafaa tupande mipera mingapi? Wengi hudhani kwamba kadiri miche inavyozidi ndivyo mapera yatakavyozidi. Hesabu ya ubaoni huwaunga mkono; shamba haliwaungi mkono daima.

Tuanze na hesabu hiyo. Hekta moja ina mita za mraba 10,000. Mipera ikipandwa kwa mita 6 kwa 6 huingia miti 277. Kwa mita 6 kwa 3 huingia 555. Kwa mita 3 kwa 3 huingia 1,111. Mpango wa mistari nao una uzito wake. Tukiacha mraba tukapanda kwa pembetatu zenye pande sawa, kwa nafasi ileile, tutapata takriban miti 15 zaidi kwa kila 100.

Lakini mti hauhitaji udongo tu, wahitaji na mwanga. Mipera iliyobanana hushindana kulifuata jua: hurefuka, na matawi ya chini na ya ndani hufunikwa na kivuli yakakoma kuzaa. Ni kweli kwamba miaka ya mwanzo shamba la namna hiyo hutoa mavuno mengi zaidi kwa hekta, maana miti ni mingi na bado ni midogo. Matawi yakishakutana, kila mti hutoa matunda machache na madogo, unyevu hukaa majanini, na magonjwa hupata makao.

Je, kubananisha miti ni kosa? La hasha. Nchini India, inayoongoza ulimwenguni kwa kilimo cha mapera, watafiti wa matunda huko Lucknow wameonyesha kuwa mipera 5,000 yaweza kustawi katika hekta moja, kwa mita 2 kwa 1. Siri yao ni mkasi. Mpera huchanua kwenye machipukizi mapya. Tawi likikatwa kwa wakati wake huchipuza na kuzaa. Kwa hiyo miche hukatwa ncha mapema, na miti hupogolewa tena na tena isirefuke. Samaki mkunje angali mbichi.

Basi, ndugu zangu, kuchagua nafasi ni kuchagua kazi. Shamba la shule hufunga likizo pamoja na wanafunzi, na mtumishi aweza kupewa uhamisho kabla mti haujakomaa. Penye mikono ya kudumu, mita 3 kwa 3 au pungufu ni neema. Pasipo mikono hiyo, mita 6 kwa 6 si ardhi iliyopotea, bali ni akiba ya mwanga. Kabla ya kuchimba mashimo, hapana budi tukubaliane ni nani atakayeshika mkasi mwaka wa tatu, na wa nne, na wa kumi.