Kosa Lisiloonwa na Tisa



Nianze na hesabu, nadharia itafuata. Dalali wa Feri, soko la samaki la Dar es Salaam, kauza kilo 37 za changu, kila kilo shilingi 8,500. Karani kaandika 314,500. Tutajuaje kama kapatia bila kuzidisha upya? Tujumlishe tarakimu. 3 na 7 ni 10, na 1 na 0 ni 1. Upande wa bei, 8 na 5 ni 13, na 1 na 3 ni 4. Moja mara nne ni 4. Sasa jibu lenyewe: 3, 1, 4 na 5 ni 13, yaani 4. Zimekubaliana. Mtasema siku hizi kuna kikokotoo. Kipo, na kuzidisha hakikosei. Kinachokosea ni kidole. Karani akibonyeza 38 badala ya 37 atapata 323,000, ambayo tarakimu zake zinatoa 8, na atashtuka kabla mnunuzi hajaondoka na tenga.

Siri iko kwenye kumi. Ukiigawa kwa tisa, inabaki 1. Mia ni hivyo hivyo, elfu ni hivyo hivyo: 1,000 ni 999 na moja juu. Basi 8,500, yaani elfu nane na mia tano, kwa tisa ni nane na tano tu. Na mabaki hayo hujumlishwa na kuzidishwa sawasawa na namba zilikotoka. Nadharia yote ndiyo hiyo. Wengi wetu tuliisoma kama kanuni ya kutambua namba inayogawanyika kwa tisa, tukajibia mtihani, tukaiacha darasani. Naona ni hasara, maana wenye kuihitaji wako sokoni.

Tena ilishapita mikono ya watu wa bandari. Kabla yao, mwanafalsafa Ibn Sina aliieleza katika kuhakiki namba za mraba na za mchemraba. Mwaka 1202 Leonardo wa Pisa, maarufu kwa jina la Fibonacci, aliiingiza katika Liber Abaci. Tarakimu za Kihindi alianza kufundishwa akiwa kijana huko Béjaïa, bandari ya Algeria, ambako baba yake alihudumia wafanyabiashara wa Pisa kwenye forodha. Nikiileta Feri, siileti ugenini.

Lakini nisiwauzie mbuzi kwenye gunia. Karani akinakili 341,500 badala ya 314,500, tisa itasema sawa. Tarakimu ni zile zile, zimepishana tu, na tumeshaona kwamba tisa haijali nafasi. Akidondosha sifuri moja akaandika 31,450, tisa bado itasema sawa. Na haya mawili ndiyo makosa ya mtu aliyechoka, anayeandika huku bei zinapigiwa kelele kulia na kushoto! Makosa ya ovyo yasiyo na mpangilio hupita mara moja kati ya tisa. Haya hupita kila mara.

Hapo wengi huitupa tisa. Mimi hapo ndipo ninapoipenda. Jioni fedha iliyo mkononi na daftari havilingani, pengo ni 27,000. Ligawe kwa tisa: 3,000, bila baki. Sasa tunajua pa kutazama. Kama ni tarakimu jirani zilizopishana, basi tofauti yao ni 3, na moja iko kwenye maelfu, nyingine kwenye makumi elfu. Unapita mistari ya daftari ukitafuta jozi kama 1 na 4, au 2 na 5, mahali hapo tu. Na kama pengo ni 283,050? Gawa kwa tisa: 31,450. Hiyo ndiyo namba yenyewe iliyoandikwa ikiwa imepungukiwa sifuri, kaitafute. Upofu ule ule wa asubuhi ndio unaotuonyesha njia jioni.

Anayetaka kuwahi asubuhi aongeze kumi na moja. Hapa tarakimu, kuanzia kulia, hujumlishwa na kutolewa kwa zamu, hivyo nafasi ina maana. 37 inatoa 4, 8,500 inatoa 8 (ikitoka hasi, ongeza 11). Zikizidishwa ni 32, baki 10. Jibu sahihi linatoa 10. Lile la 341,500 linatoa 5, limenaswa.

Tuingie Kariakoo, kwenye maduka ya simu ya Mtaa wa Aggrey. Bonyeza *#06# na namba ya IMEI, kitambulisho cha simu, itatokea, tarakimu 15. Ya mwisho ni ya ulinzi, kwa kanuni ya Hans Peter Luhn wa IBM, aliyeomba hataza mwaka 1954 akaipata 1960. Kutoka kulia, kila tarakimu ya pili huzidishwa kwa mbili, ikizidi tisa, hupunguzwa tisa (huyo tena!), na jumla yote lazima iishie na 0. Kosa la tarakimu moja hunaswa daima. Jirani waliopishana hunaswa, isipokuwa 0 na 9.

Kinachoshindikana ni kutambua simu bandia. Mtengenezaji akinakili IMEI halali, hesabu itakubali bila kusita. Ndiyo maana Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), ilipozima simu bandia tarehe 16 Juni 2016, ilihitaji rejista, na wananchi wakatakiwa kutuma namba hizo kwenda 15090.