Sista, Mbona Unaangalia Kompyuta?

Mimi ni muuguzi wa afya ya jamii. Leo nitajibu swali ninaloulizwa mara nyingi kliniki: "Sista, mbona unaangalia kompyuta kuliko mtoto wangu?"

Mama, una haki kuuliza. Mtoto wa wiki 6 akija kwa chanjo, kumdunga ni kazi ya dakika chache. Kisha naandika kwenye kijitabu chako, kwenye rejista, na kwenye karatasi ya hesabu ya siku. Penye kompyuta, habari hizo hizo huingizwa tena. Stima ikipotea, tunarudi kwa karatasi, na ikirudi tunaanza kuingiza upya.

Kompyuta si adui. Mwaka 2001, kituo cha afya cha Mosoriot, karibu na Eldoret, kilianza kuweka rekodi za wagonjwa kwa kompyuta. Watafiti walipopima, muda wa wagonjwa kungoja ulikuwa umepungua kwa asilimia 38. Lakini muda wa wahudumu kuwa na wagonjwa nao ulipungua kwa nusu. Foleni ikipungua tunafurahi, lakini mgonjwa bado anahitaji kuangaliwa.

Siku moja, katika kituo nilichofanyia kazi, nilikuwa nimeinamia kompyuta. Mama mmoja aliketi kimya akingoja jina lake, mtoto mgongoni. Nilipomwita, mtoto alikuwa amelegea, haamki, hanyonyi. Tulimkimbiza akatibiwa, na akapona. Mama akaniambia, "Niliona una kazi nyingi, sikutaka kukusumbua." Maneno hayo sijayasahau. Tangu siku hiyo, mimi hupitia foleni nikiangalia watoto kabla sijaketi kuandika.

Nawe mama, unaweza kutusaidia hivi:

Kwanza, njoo na kijitabu cha mama na mtoto kila mara, hata kama ni homa tu. Kikikosekana, tunatafuta na kuandika kila kitu upya.

Pili, tumia majina yale yale. Ukimwandikisha mtoto leo kwa jina lako na kesho kwa jina la baba, kompyuta itahesabu watoto wawili, na chanjo zake zitaonekana pungufu.

Tatu, kabla ya kuondoka, hakikisha tarehe ya kurudi imeandikwa.

La nne ndilo kubwa. Mtoto akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akipata degedege, au akilegea na kuwa mgumu kuamka, usingoje kuitwa. Simama, mlete mbele, sema kwa sauti. Hapo humsumbui mtu. Kuandika kutangoja, lakini mtoto huyo hawezi kungoja.