Kukiri Kosa Si Kujivunjia Heshima

(Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi vya Musoma, Bunda na Butiama)



Katika mikutano ya ushirika husemwa mengi juu ya pembejeo, bei, stakabadhi na ukaguzi wa vitabu. Ni mara chache sana kusemwa neno juu ya mtu mwenyewe anayevishika vitabu hivyo: amelalaje, ana wasiwasi gani, na ni jambo gani alilolificha mpaka likawa linamla ndani kwa ndani. Walakini mtu huyo ndiye anayepima, ndiye anayeandika, na ndiye anayelipa. Mizani ikiharibika huitwa fundi siku ile ile. Mtu akielemewa, huachwa mpaka aanguke, kisha watu huulizana kimetokea nini. Mazungumzo haya yanahusu jambo hilo, yaani afya ya moyo na akili ya mwanaushirika, na thamani ya mtu kuwa mkweli juu ya nafsi yake.

Yafaa kukumbuka kwanza kwamba ushirika wa pamba katika Kanda ya Ziwa ulizaliwa kwenye mizani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima walilalamika kwamba wanunuzi waliwapunja katika uzito, wakataka pawe na wapimaji wanaowaamini wao wenyewe. Miongoni mwa walioongoza madai hayo alikuwa Paul Bomani, mzaliwa wa Ikizu, katika iliyokuwa Wilaya ya Musoma. Kutokana na juhudi hizo liliundwa mwaka 1955 shirikisho lililojulikana kwa jina la Victoria Federation of Co-operative Unions, ambalo kufikia Uhuru mwaka 1961 lilikuwa miongoni mwa mashirika makubwa kabisa ya ushirika yaliyomilikiwa na Waafrika. Chanzo cha yote hayo kilikuwa kidogo: mkulima alitaka aambiwe kweli juu ya jasho lake. Basi chama kinachodai kweli kwenye mizani hakina budi kuidai pia katika vifua vya watu wake.

Na uchukuliwe mfano wa katibu mmoja wa chama cha msingi, msimu wa ununuzi ukiwa umepamba moto. Jioni amefunga daftari la mapokezi kwa kilo 9,640. Pamba inapopimwa kiwandani zinaonekana kilo 9,520. Kilo 120 hazipo. Huenda ni unyaufu, kwa kuwa pamba iliyopokelewa ikiwa na unyevu hupungua uzito ikikaa ghalani. Huenda mizani haikusawazishwa asubuhi. Huenda karani aliandika saba mahali pa moja. Huenda pia magunia yaliguswa njiani. Siku hiyo hiyo sababu inaweza kutafutwa na kupatikana, kwa maana mashahidi wapo na mizani ipo. Lakini katibu huyu anaona haya. Anajiambia kwamba wanachama watamwita mwizi, kwamba mkwewe atasikia, kwamba watoto wake watachekwa shuleni. Ananyamaza. Juma linalofuata anaziba pengo kwa kupunguza uzito wa wakulima wawili watatu, akikusudia kuwarudishia baadaye. Mtu ambaye hakuwa mwizi ameanza sasa kuwa mwizi, na kilichomfikisha hapo ni aibu.

Nyumbani hali yake inabadilika. Usiku anakodoa macho akihesabu magunia darini. Chakula hakimwendi. Kichwa kinamuuma na moyo unamwenda mbio hata akiwa ameketi. Anamkemea mtoto kwa kosa dogo, na mkewe akimuuliza, “Baba fulani, una nini?” anajibu kwamba ni uchovu tu. Jioni anaanza kupitia kilabuni kabla ya kurudi nyumbani, kwa kuwa pombe humsahaulisha kwa muda wa saa mbili. Asubuhi deni liko palepale, na juu yake umeongezeka uchovu. Wala mambo haya hayawapati makatibu peke yao. Yumo mama aliyekopa pembejeo na mvua ikamkimbia. Yumo mzee ambaye shamba lake limekanyagwa na tembo waliotoka hifadhini, akawa mkali kwa kila mtu bila kusema kwamba amevunjika moyo. Yumo kijana aliyerudi kutoka mjini bila kazi, akaona heri aonekane mlevi kuliko aonekane ameshindwa.

Katika makabila mengi ya Mara mtoto wa kiume hufundishwa mapema kuvumilia maumivu bila kupiga kelele. Fundisho hilo lina mahali pake, wala halistahili kubezwa. Walakini kisu cha tohara huuma siku moja, mbele ya ndugu wanaoshangilia. Wasiwasi wa deni huuma kila usiku, pasipo shahidi. Ujasiri uliofaa siku ile ya kwanza haumtoshi mtu katika vita hii ya pili. Hapa unatakiwa ujasiri wa namna nyingine, nao ni wa kusema: “Nimekosea,” au “Nimeelemewa,” au “Sijui.”

Ujasiri wa namna hiyo si mgeni katika mkoa huu. Mfano wake mkubwa umelazwa katika ardhi ya Butiama. Mwalimu Julius Kambarage Nyerere alizaliwa huko mwaka 1922, akaanza shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, na baada ya maisha marefu ya uongozi akazikwa huko huko mwaka 1999. Watu humkumbuka kwa mambo mengi. Mwanaushirika ana sababu ya pekee ya kumkumbuka kwa jambo moja ambalo halisemwi sana.

Mwaka 1976 Serikali aliyoiongoza ilivunja vyama vikuu vya ushirika nchi nzima. Vijiji vikafanywa ndivyo vyama, na pamba ikawa inanunuliwa vijijini moja kwa moja na Mamlaka ya Pamba. Haki inataka isemwe kwamba vyama vyenyewe havikuwa safi. Tume ya Rais iliyochunguza ushirika mwaka 1966 ilikwisha kuona kwamba wanachama hawakuelimishwa vya kutosha, watumishi wenye ujuzi walikuwa wachache, na demokrasia katika vyama vikuu ilikuwa hafifu. Hata hivyo dawa iliyotolewa ilikuwa kali kuliko ugonjwa. Mkulima aliondolewa chombo alichokijenga mwenyewe. Ilipofika mwaka 1982 ikatungwa sheria mpya ya kurudisha vyama, na watu wakaanza tena kujenga kilichokuwa kimebomolewa.

Kiongozi mwingine angaliweza kuacha mambo yapite hivyo, au kuwatupia lawama watumishi wa chini. Mwalimu Nyerere hakufanya hivyo. Katika mahojiano yaliyochapishwa mwaka 1984, angali Rais, alieleza kwamba kama angepewa nafasi ya kuanza upya, yapo mambo ambayo asingeyafanya, na akayataja mawili: kufuta serikali za mitaa, na kuvunja vyama vya ushirika. Akaongeza kwamba waliyafanya kwa kukosa subira na kwa kutojua. Hakuwa akiyasema hayo mahakamani, wala hapakuwa na aliyemlazimisha.

Tabia hiyo haikuanza mwaka huo. Mwaka 1962, nchi ikiwa bado changa, aliandika kijitabu kilichoitwa Tujisahihishe, akiwataka wanachama wa TANU wayatazame makosa yao wenyewe na waache desturi ya kunyamaza mkutanini kisha kunung'unika pembeni. Mwaka 1977, katika tathmini yake ya miaka kumi ya Azimio la Arusha, alikiri waziwazi kwamba Tanzania haikuwa bado nchi ya ujamaa wala nchi inayojitegemea. Wengi walitazamia sherehe; wakapata hesabu, yenye faida na hasara zake.

Je, heshima yake ilipungua? Alipong'atuka mwaka 1985, kwa neno ambalo Kiswahili kimelipata kutoka Kizanaki, alirudi Butiama kulima. Mpaka leo watu husafiri kwenda kuliona kaburi lake. Waliompinga katika siasa zake, nao ni wengi, husema hata hivyo kwamba hakuwa mtu wa kujificha. Aliyekwisha kuyataja makosa yake mwenyewe huwaachia maadui kazi ndogo.

Lakini fundisho hili lina upande wa pili, nao usifichwe. Kati ya mwaka 1976 na mwaka 1984 imepita miaka minane. Katika miaka hiyo vitabu vya vyama vilitawanyika, mali ikahamishwa, makatibu wenye ujuzi wakaenda kutafuta kazi nyingine, na kijana aliyekuwa na umri wa miaka kumi na miwili akafikia ishirini bila kuona chama kikuu kikifanya kazi. Kukiri kwa kiongozi kulisaidia kufungua njia, lakini hakukuweza kurudisha misimu iliyopita. Kweli iliyochelewa ni bora kuliko uongo. Kweli iliyowahi ni nafuu zaidi kwa kila mtu. Kwa katibu mwenye upungufu wa kilo 120, miaka minane hiyo ni juma moja tu. Jumatatu jambo lake ni hesabu ya kutafutwa, na Jumatatu inayofuata limekuwa kesi.

Hapa ndipo wanachama nao wanapohusika. Mkutano unaompigia kelele kila anayekiri huwafundisha wote waliobaki kuficha. Yafaa itofautishwe kati ya aliyekosea na aliyeiba, na kati ya aliyesema mwenyewe na aliyefumaniwa. Anayesema mapema aulizwe maswali magumu, kwa maana mali ni ya watu wote; hasara ipimwe, na kama ni wajibu wake kulipa, alipe kwa mpango. Lakini asitukanwe, wala watoto wake wasitajwe. Kusamehe bila hesabu huharibu chama. Hesabu isiyo na utu huharibu watu, na chama ni watu.

Kadhalika yafaa ieleweke kwamba kujikubali si kuridhika na uovu. Anayesema, “Mimi ndivyo nilivyo,” kisha akaendelea kupunja, amejitafutia udhuru tu. Kujikubali ni kujipima kwa mizani isiyochezewa: huyu ana uwezo huu, ana upungufu huu, amekosea hapa, na bado ni mtu. Katibu asiyejua mahesabu ya mwisho wa mwaka akisema hajui, ataletewa wa kumfundisha, na Shirika la Ukaguzi na Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, COASCO, likija litakuta maswali mahali pa mafumbo.

Ipo hali nyingine ambayo mazungumzo peke yake hayaitoshi. Mtu anaweza kuwa mgonjwa wa moyo na akili kama awezavyo kuwa mgonjwa wa malaria. Katiba ya Shirika la Afya Duniani, inayotumika tangu mwaka 1948, inahesabu afya kuwa ni uzima wa mwili, wa akili na wa maisha pamoja na watu. Huzuni ikikaa kwa majuma mawili na zaidi, usingizi ukapotea, hamu ya chakula na ya kazi ikaisha, na mtu akajiona hana thamani, huenda hiyo ni sonona, nayo ina tiba. Haitokani na uvivu, na si haki kuifanya sababu ya kumtafuta mchawi. Mtu huyo apelekwe zahanati au kituo cha afya, ambako ataelekezwa hospitali ikibidi. Na akisikika akisema kwamba ni heri afe, maneno hayo yasichukuliwe kuwa mzaha. Asiachwe peke yake, dawa za kuulia wadudu wa pamba ziondolewe nyumbani, na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Kwa vyama vyenyewe, mambo manne yanaweza kuanza bila kungoja fedha wala waraka kutoka juu.

Kwanza, kila upungufu wa uzito au wa fedha uandikwe siku unapoonekana, na katibu, karani wa mizani na mjumbe mmoja wa bodi watie sahihi. Mzigo unaobebwa na watu watatu haumvunji mmoja mgongo.

Pili, katika kila kikao cha bodi ajenda ya kwanza baada ya kumbukumbu iwe ni matatizo ya watendaji, nayo isikilizwe bila kukatizwa.

Tatu, mwenyekiti amtembelee katibu nyumbani angalau mara moja katika msimu, si kwa ukaguzi, bali kwa kumjulia hali yeye na jamaa yake.

Nne, kiongozi aliyekosea awe wa kwanza kusema. Wanachama hujifunza ukweli kwa kumtazama aliye mbele yao.

Wahenga walisema kwamba mficha maradhi kilio humfichua. Katibu anayelala macho usiku wa leo, awe Nyamuswa, Kiabakari au Mugango, hana haja ya kungoja kilio hicho. Kesho asubuhi, kabla mizani haijatundikwa, na amwendee mwenyekiti wake amwambie neno moja la kweli. Na mwenyekiti, kabla ya kumjibu, amvutie kiti.