Leo Mwezi Ngapi?

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya vijana na wazazi baada ya swala ya Alasiri, katika mwezi mtukufu wa Ramadhani. Yameandikwa kama yalivyosemwa, kwa kupunguzwa kidogo.)

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Kila sifa njema ni zake Allah (s.w.t.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.



Nimeombwa nizungumze juu ya wakati. Najua mnangojea ile nasaha ya kila mwaka, kwamba vijana wasilale mchana kutwa na wasiimalize Ramadhani katika simu. Nasaha hiyo ni ya haki, na mimi ni wa kwanza kuihitaji. Lakini leo nataka tuzungumze juu ya saa nyingine, ambayo haiko ukutani wala mkononi. Nayo ni maji ya bahari. Mimi ni mzaliwa wa Amu, na kwetu maji kujaa na maji kupwa ndiyo yanayoamua nani atoke sasa na nani angoje.

Yaliyonikuta horini

Ramadhani ya mwaka 2024 nilikwenda Siyu, kisiwani Pate, kumchukua nyanya yangu nimlete mjini Amu. Ana ugonjwa wa presha, na alikuwa na miadi ya kliniki saa tano asubuhi. Usiku ule nahodha aliniambia, "Mwanangu, tutoke mara tu baada ya Alfajiri." Nikasema inshallah. Tukala daku, nikasali, kisha nikasema nijinyooshe dakika tano tu. Nyinyi vijana mwazijua dakika tano za baada ya daku. Nilipoamka, saa moja imepita.

Nilimkuta nahodha ameketi kando ya chombo chake, kimya. Akasema, "Sasa tungoje Adhuhuri." Nikamjibu, "Ami, hii ni injini, si tanga. Nyanya ana miadi, na hawezi kupanda pikipiki." Nikasisitiza mpaka akaona haya kumrudisha mgonjwa nyumbani. Akawasha injini.

Waliofika Siyu wanajua kuwa chombo hupita katika hori jembamba, mikoko huku na huku. Maji yakiwa mengi ni njia nzuri, imetulia, hata mtoto mchanga halii. Maji yakitoka ni matope. Hatukufika mbali. Nahodha akapunguza mwendo, kijana wake akasimama mbele na upondo akipima kina. Mara chombo kikasugua chini, kikasimama. Tukashuka wanaume wanne kusukuma, matope yakatufika magotini. Wapi! Tumepwelewa.

Tulikaa hapo karibu saa tano. Jua la Machi mnalijua. Nyanya hafungi kwa sababu ya maradhi yake, tukamtandikia shuka juu kama hema na kumpa maji anywe. Adhuhuri ikatukuta hapo hapo. Wallahi hakunilaumu hata kidogo. Aliniuliza neno moja tu: "Mwanangu, leo mwezi ngapi?"

Nikajibu haraka, "Wa tatu, nyanya. Machi."

Nahodha akacheka, mara ya kwanza tangu asubuhi. Nyanya akasema, "Sikukuuliza mwezi wa serikali. Nakuuliza mwezi wa mbinguni. Leo mwezi kumi na sita. Hii ni saumu yako ya kumi na sita, na hukujua kuwa leo ni bamvua?"

Maji yakarudi polepole, chombo kikainuka saa saba na nusu. Tulipofika Amu kliniki imefungwa. Alhamdulillah, nyanya alitazamwa wiki iliyofuata, na yuko salama. Lakini najiuliza mpaka leo: je, angekuwa mama mwenye uchungu wa kuzaa?

Maji hufuata mwezi

Ndugu zangu, mimi nimesoma madrasa, nimesoma sekondari, sasa niko chuo kikuu. Jambo lile nilikuwa nimelisoma! Katika mtihani wa jiografia ningelipata alama zote. Nililojua kitabuni sikulijua horini.

Sababu yake ni hii. Mwezi huyavuta maji ya dunia. Jua nalo huyavuta, ingawa nguvu yake katika jambo hili haifiki nusu ya ile ya mwezi. Mwezi unapokuwa mpya na unapokuwa mpevu, jua, dunia na mwezi hukaa karibu katika mstari mmoja, na nguvu hizo mbili husaidiana. Maji hujaa sana na hupwa sana. Hiyo ndiyo bamvua. Mwezi unapokuwa nusu, nguvu hizo hupingana, na maji hayajai sana wala hayapwi sana. Hayo ndiyo maji mafu. Kwetu Amu, katika bamvua tofauti baina ya kujaa na kupwa hufika kama mita 3. Katika maji mafu ni kama mita 1 tu. Na bamvua za Machi na Septemba, karibu na siku ambazo usiku na mchana hulingana, huwa kubwa zaidi. Mimi nilikwenda kupwelewa katika mojawapo ya hizo.

Sasa tazameni kalenda yetu ya Kiislamu. Bamvua haifiki kilele siku ile ile mwezi unapokuwa mpya, huchelewa siku moja au mbili. Na hilali nayo huonekana siku moja au mbili baada ya mwezi kuwa mpya. Kwa hivyo mambo mawili haya hukutana. Mwezi mosi, pili na tatu ni bamvua. Mwezi kumi na tano, kumi na sita na kumi na saba ni bamvua tena. Mwezi nane na tisa, na ishirini na mbili na ishirini na tatu, ni maji mafu. Kalenda ya Januari hadi Desemba haiwezi kukwambia hayo.

Saa zake pia zinajulikana. Siku za bamvua, kwetu maji hujaa baina ya saa kumi na saa kumi na moja, alfajiri na jioni, na hupwa baina ya saa nne na saa tano, asubuhi na usiku. Kisha kila siku huchelewa kama dakika 50. Ukifika mwezi nane mambo yamegeuka: yanajaa saa nne au saa tano, yanapwa jioni. Basi mtu anayejua leo ni mwezi ngapi, anajua maji yako wapi hata kama amejifungia chumbani.

Katika Surat al-Baqara, aya ya 189, tunafundishwa kuwa miezi miandamo ni vipimo vya nyakati kwa watu na kwa Hijja. Na katika Surat Yasin, aya ya 39, umetajwa mwezi na vituo vyake. Mimi nilizihifadhi aya hizo nikiwa mdogo, nikidhani zinahusu saumu na Hijja peke yake. Nyanya yangu hakuingia skuli, lakini mwezi ule ule anaofungia saumu ndio anaosafiria.

Hapa naomba tusielewane vibaya. Simaanishi kuwa maji ni ushahidi wa kuandama kwa mwezi! Kila mwaka tuna khitilafu zetu za kutosha, sitaki kuwaongezea nyingine. Nasema tu kwamba mwezi tunaogombania kuuona usiku mmoja, twausahau siku ishirini na tisa zilizobaki.

Mji unaoishi kwa maji

Mgeni akifika Amu huona punda na majumba ya kale, kwani mji wetu uliingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2001. Lakini akae wiki mbili hapo mbele ya mji, ataona jambo jingine.

Ataona maji yakijaa, vyombo vya mchanga na mawe vinasogea hadi karibu na ukuta. Yakitoka, vinakaa juu ya mchanga, na punda wanasogezwa ubavuni kupakiwa. Ataona mafundi wanangoja bamvua ili wapandishe chombo juu kabisa ufukweni. Hapo watakikwangua, watakikalafati na kukipaka sifa, na kama hawakumaliza kwa wakati, maji mafu hayatakifikia, itabidi wangoje bamvua nyingine. Ataona wakataji boriti wakiingia mikokoni na maji yanayojaa na kutoka na mzigo maji yangali juu. Na ataona mzee akishikwa mkono kwenye ngazi za gati. Maji yakijaa hukanyaga hatua moja tu yuko juu, yakipwa hupanda ngazi nzima, nayo ina utelezi.

Katika Ramadhani, siku za mwanzo maji huwa yamejaa watu wanapoamka daku. Kufika saa nne asubuhi miamba iko wazi, na watu wa pweza wako kazini na saumu zao. Wiki ya pili mkondo hupungua, mshipi hutulia chini, na wavuvi wa mshipi hupumua. Na Idd hutushukia na bamvua kila mwaka, maana ni mwezi mosi Shawwal. Ndiyo maana asubuhi ya Idd pwani imekauka, na jioni watoto wanajitosa gatini. Mimi nimejitosa miaka yote ya utoto wangu, na sikuwahi kujiuliza kwa nini maji ya Idd hujaa jioni.

Je, hatuna injini?

Kuna kijana atasema kama nilivyosema mimi: hayo ni mambo ya zamani, sasa tuna injini na simu. Ndugu yangu, injini haipandi matope. Hata bandari mpya ya Lamu, ambayo gati lake la kwanza lilianza kazi Mei 2021, ilibidi bahari ichimbwe hadi kina cha mita 17.5 ili meli kubwa ziingie. Mamlaka ya Bandari ya Kenya huchapisha jedwali za maji, na manahodha wa meli huzifuata. Basi ikiwa wenye meli wanahesabu maji, sisi wenye boti za watu kumi ni nani tusihesabu?

Na kuna mwingine atasema, mambo ya bahari ni kudura. Ni kweli, maji hayaamriki. Lakini kwa kuwa yana saa yake, kuchelewa ni kosa letu. Mimi siku ile nilitaka kusingizia maji. Maji hayakuchelewa hata dakika moja. Aliyechelewa ni mimi.

Tufanye nini?

Kwanza, ile ratiba ya kufuturu mnayobandika mlangoni, ongezeni safu moja: maji kujaa na maji kupwa. Kazi hiyo ni ya jioni moja, na mwenye mgonjwa atawaombea dua.

Pili, kila mmoja wetu akae na mzee mmoja wa bahari, aandike majina ya mikondo, mahori na miamba, na hesabu zake. Elimu inayookoa watu ni fardhi ya kutosheleza: wakiijua baadhi yetu, wengine husalimika. Wakifa wazee hawa nasi hatujauliza, sote tutaulizwa.

Tatu, miadi ya hospitali kwa watu wa visiwani iulizwe na maji pia. Tusione haya kumwambia daktari, "Siku hiyo maji yanapwa asubuhi, tupe siku nyingine." Mimi nilijaribu mara ya pili. Nilieleza kwa adabu, na siku ikabadilishwa mara moja.

Nimalizie hivi. Ninaposoma ni Nairobi, mbali na bahari. Lakini kila hilali ikionekana, nyanya hunipigia simu. Hanisalimii kwanza. Husema, "Leo mwezi ngapi?" Namjibu, "Mwezi mosi, nyanya. Maji yanajaa jioni." Hapo ndipo hunijibu, "Haya, sasa nipe habari zako."

Allah (s.w.t.) azikubali saumu zetu, awalinde mabaharia na wavuvi wetu, na azibariki nyakati zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.